Chumvi na Sukari Ndani ya Maji: Kwa Nini Mbolea Yaweza Kuua Mbegu

Msimu mmoja wa mvua za Oktoba alifika ofisini kwetu mzee mmoja, mkulima wa skimu, amechukua kikapu kidogo. Ndani ya kikapu mlikuwa na miche ya mahindi iliyonyauka, ncha za majani zimekauka kama kwamba zimepitishwa motoni, pamoja na mbegu nyingine ambazo hazikuota kabisa. Akakiweka kikapu mezani, akasema, "Mwalimu, mbegu hizi ni za uongo. Nataka uniandikie barua ya mashtaka." Watu wa kwetu huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani.

Nikamwuliza, "Mzee, mbolea uliitia namna gani?"

Akajibu, "Niliitia ya kutosha. Kijiko kizima kilichojaa kwa kila shimo, nikaweka mbegu juu yake, nikafukia. Mvua ikanyesha siku mbili, halafu ikakata."

"Na jirani yako alipanda mbegu gani?"

"Ile ile. Tulinunua duka moja, siku moja."

"Na ya jirani imeota?"

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Imeota. Lakini yeye ni mtu wa kubania mbolea."

Barua ya mashtaka haikuandikwa siku ile. Mbegu ya mzee haikuwa na kosa, wala mbolea yake haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa katika kipimo na mahali pa kuiweka, na sababu yake ni jambo ambalo kila mkulima aweza kuliona kwa macho yake jikoni kwake, akiwa na kiazi kimoja, chumvi na sukari. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Ukilifahamu vizuri, litakusaidia shambani, kwenye mifereji, kwenye mizinga ya nyuki, na hata siku mtoto wako atakapoharisha.

KUYEYUKA NI NINI?

Tia kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji, ukoroge. Chumvi haionekani tena. Je, imepotea? Haikupotea, maana ukionja maji utaionja, na ukiyaacha maji juani mpaka yakauke utaikuta chumvi yako chini ya kikombe, haikupungua. Maana yake ni kwamba chumvi imegawanyika kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana, nazo zimeenea katika maji yote. Huko ndiko kuyeyuka.

Sukari pia huyeyuka, lakini si kwa namna moja na chumvi. Chembe ya sukari huingia majini nzima nzima. Chembe ya chumvi ya kula huingia ikapasuka vipande viwili, kimoja cha sodiamu na kimoja cha klorini, na kila kipande hutembea peke yake. Wataalamu huviita vipande hivi ioni. Tena chembe ya sukari ni kubwa na nzito, karibu mara 6 ya uzito wa chembe ya chumvi. Basi ukipima kijiko cha chumvi na cha sukari vyenye uzito sawa, chumvi itatoa vipande vingi zaidi ndani ya maji, zaidi ya mara 11 kuliko sukari. Kumbuka hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Mbolea za dukani, kama DAP, CAN, yurea na salfeti ya amonia, nazo huyeyuka. Nyingi katika hizo ni aina za chumvi, ingawa si chumvi ya kula, nazo hupasuka vipande majini kama chumvi ya mezani.

UTANDO UNAOCHAGUA

Kila kitu chenye uhai, ukianzia mzizi wa mhindi mpaka mwili wa mtu, kimejengwa kwa vyumba vidogo mno ambavyo huitwa seli. Kila chumba kimezungukwa na utando mwembamba. Utando huu una kazi ya bawabu: maji huyapitisha upesi, lakini chumvi na sukari huzizuia, ama huzipitisha polepole kwa milango maalumu.

Sasa tuseme upande mmoja wa utando una maji matupu, na upande wa pili una maji yenye chumvi au sukari. Maji yatapita kutoka upande wa maji matupu kwenda upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Kwa maneno mafupi: maji huenda kule kuliko kuzito. Jambo hilo huitwa osmosisi. Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, aliliona mwaka 1748 alipofunika chombo cha kileo kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji. Maji yaliingia mpaka kibofu kikavimba. Baadaye Mholanzi, J. H. van 't Hoff, alieleza sheria za nguvu hiyo kwa hesabu, naye ndiye mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia, mwaka 1901.

JARIBIO LA KWANZA: KIAZI

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua kiazi kimoja kikubwa kibichi, yaani waru, ukimenye, ukikate vipande virefu kama kidole. Andaa vikombe vinne vya ukubwa mmoja, vya chai ya kawaida, ukavijaze maji:

1. Kikombe cha kwanza, maji matupu.
2. Kikombe cha pili, kijiko kimoja cha chai cha chumvi.
3. Kikombe cha tatu, kijiko kimoja cha chai cha sukari.
4. Kikombe cha nne, vijiko 10 vya chai vya sukari.

Koroga vizuri, weka vipande viwili vya kiazi katika kila kikombe, uviache mpaka kesho asubuhi. Kisha shika kila kipande ukijaribu kukipinda.

Kile cha maji matupu kitakuwa kigumu, ukikipinda kitavunjika kwa mlio. Maji yameingia ndani yake. Kile cha chumvi kitalegea, kitapindika kama ukanda wa ngozi. Maji yametoka ndani yake. Kile cha kijiko kimoja cha sukari kitabaki kigumu, lakini kile cha vijiko 10 kitalegea kama kile cha chumvi.

Hapo umejifunza mambo mawili. La kwanza, si chumvi tu inayovuta maji. Sukari nayo huvuta. La pili, ni idadi ya vipande vilivyoyeyuka ndiyo inayoamua. Kijiko kimoja cha chumvi kimefanya kazi ambayo kijiko kimoja cha sukari hakikuiweza.

Ukitaka kujua kwamba ni utando wenye uhai unaofanya kazi hii, chemsha kipande kingine cha kiazi kwanza mpaka kiive. Kitalegea sawasawa katika vikombe vyote, kwa maana moto umeua utando, na bawabu akifa mlango hauna mlinzi.

MZIZI HUNYWAJE MAJI?

Ndani ya seli za mzizi mna maji yenye sukari na chumvi kidogo. Maji ya udongo mzuri ni mepesi kuliko hayo. Basi maji hutoka udongoni yakaingia katika mzizi, seli zikajaa na kukaza, na jani likasimama. Jani husimama kama vile tairi la baiskeli linavyosimama kwa upepo. Upepo ukitoka, tairi hulala, na maji yakitoka katika seli, jani hunyauka.

Lakini ukiyafanya maji ya udongo kuwa mazito kuliko yale ya ndani ya mzizi, njia hugeuka. Mzizi hautaweza kunywa, na maji yake mwenyewe yataanza kutoka. Mmea utanyauka huku udongo bado una unyevu. Mkulima akiona hivyo husema, "Maji yapo, mbona mmea una kiu?" Jibu ni kwamba maji yapo, lakini yamefungwa na chumvi.

Mbegu ni hivyo hivyo. Punje ya mahindi haioti mpaka inywe maji karibu theluthi ya uzito wake. Ikilazwa juu ya mbolea, maji ya shimo hilo ni mazito kama maji ya kikombe chetu cha pili. Punje hunywa kwa shida na huchelewa kuota, na mzizi mchanga ukitokeza hukutana na chumvi ukaungua ncha. Tena DAP na yurea zaweza kutoa hewa kali ya amonia karibu na mbegu, nayo huunguza mizizi michanga zaidi.

Sasa tutazame jambo la mvua. Mbolea ikiwa ni ile ile na maji yakipungua, mchuzi huzidi kuwa mzito. Ndiyo sababu kosa lile lile laweza kusamehewa mwaka wa mvua nyingi, likaadhibiwa mwaka wa mvua kidogo. Mzee wetu pengine alifanya hivyo miaka mingi katika mvua nzuri, asione dhara kubwa. Mwaka ule mvua ilipokata baada ya siku mbili, deni likadaiwa lote mara moja. Sisi tunaokaa upande wa chini, Mbeere na Tharaka, na hata wale wa miteremko ya chini ya Meru, tunajua jinsi mvua inavyoweza kutukatia katikati ya kupanda. Basi sisi zaidi ya wengine tunapaswa kuangalia kipimo.

HESABU YA SHIMO MOJA

Chukua kalamu. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, eka moja ina mashimo karibu 18,000. Ukitia mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 katika eka hiyo, kila shimo litapata gramu 2.8 hivi, yaani kama nusu ya kijiko cha chai. Kijiko kizima kilichojaa ni zaidi ya mara mbili ya kipimo hicho. Mzee wetu alikuwa akitumia mifuko miwili na zaidi kwa eka moja, akinunua mauti ya mbegu zake kwa fedha yake mwenyewe.

Mifuko mingapi yafaa shamba lako, hilo hutegemea udongo wako, na afisa wa kilimo wa wadi yako atakushauri baada ya udongo kupimwa. Kituo cha KALRO kilichoko Embu hushughulika na utafiti wa kilimo katika nchi yetu hii. Lakini kipimo chochote utakachopewa, fuata utaratibu huu:

1. Tia mbolea chini ya shimo kwa kipimo, usikadirie kwa macho. Tafuta kifuniko au kijiko kimoja, ukipime mara moja, ukitumie hicho hicho msimu wote.
2. Changanya mbolea na udongo wa shimo, au ifunike kwa udongo wa upana wa vidole vitatu, kama sentimita 5. Mbegu isigusane na mbolea.
3. Weka mbegu, ufukie.
4. Mbolea ya kukuzia, kama CAN, itie wakati udongo una unyevu. Iweke kando ya shina umbali wa shubiri hivi, isishike majani wala moyo wa mmea.
5. Usitie mbolea ya kukuzia wakati wa ukame kwa kudhani itaupa mmea nguvu. Kumpa chumvi mtu mwenye kiu si kumsaidia.
6. Samadi mbichi ya kuku ina chumvi nyingi na amonia. Iache ioze vizuri kwanza kabla ya kuitia shambani.
7. Ukiona umezidisha, na maji ya mfereji yapo, mwagilia kwa wingi upesi. Maji mengi huufanya mchuzi kuwa mwepesi na kuishusha chumvi chini ya mizizi.

JARIBIO LA PILI: MAKOPO MATATU

Kabla ya msimu kuanza, chukua makopo matatu yaliyotobolewa chini, uyajaze udongo wa shamba lako. Katika kila kopo panda punje 10 za mahindi ya mfuko mmoja. Kopo la kwanza usitie mbolea. Kopo la pili tia kijiko kimoja cha DAP chini, funika kwa udongo wa vidole vitatu, ndipo upande. Kopo la tatu tia kijiko kimoja cha DAP, upande punje juu yake moja kwa moja. Mwagilia yote sawasawa, maji kidogo tu. Baada ya siku 10 hesabu miche, na ung'oe mmoja katika kila kopo utazame mizizi.

Jaribio hili lina faida nyingine. Ikiwa hata kopo la kwanza lisilo na mbolea halikuota, hapo una haki ya kusema mbegu ina kasoro, na una ushahidi wa kumwonyesha aliyekuuzia. Ikiwa kopo la kwanza limeota na la tatu halikuota, basi mshtakiwa ni mkono wako.

CHUMVI KATIKA MASHAMBA YA MIFEREJI

Wenzetu wa Mwea wanalima mpunga kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi. Kazi ya skimu ile ilianza mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliokuwa kizuizini, na wakati huo Mwea-Tebere ilikuwa katika Wilaya ya Embu. Mwaka 1966 skimu iliwekwa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Wapangaji wa skimu walipewa mashamba ya eka 4, na siku hizi Mwea ni sehemu ya Kaunti ya Kirinyaga. Upande wa Meru, wakulima wa Mitunguu humwagilia ndizi na mboga. Wote hawa wanapaswa kujua hesabu hii.

Hakuna maji ya mto yasiyo na chumvi kabisa. Tuseme maji yako ni matamu sana, kila lita ina sehemu moja tu ya kumi ya gramu. Ukimimina maji ya kina cha mita moja juu ya eka moja katika msimu, umetia lita milioni 4 hivi. Hesabu chumvi: kilo 400! Kama maji yana nusu gramu kwa lita, basi umetia tani 2 za chumvi katika eka moja kwa msimu mmoja, bila kujua. Mmea hunywa maji, jua hukausha maji, lakini sehemu kubwa ya chumvi hubaki.

Itakwenda wapi? Ikiwa mitaro ya kutolea maji iko wazi, maji ya ziada huiosha na kuichukua. Ikiwa mitaro imezibwa na magugu na matope, maji husimama chini ya ardhi, hupanda juu kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, hukauka, na kuacha chumvi juu ya udongo. Hapo utaona uso wa ardhi umekuwa mweupe kama umenyunyiziwa unga, na mimea imeota kwa mabaka. Ukiona hivyo usiongeze mbolea kwa kudhani udongo umechoka. Chukua udongo ukapimwe, na fungua mitaro.

Ndiyo maana maafisa husema mtaro wa kutolea maji ni mali kama mfereji wa kuletea maji. Mkulima mmoja akizembea mtaro wake, chumvi yake huwa ya jirani pia.

ASALI NA NYAMA

Nguvu hii inayoua mbegu, wazee wetu waliitumia kwa faida bila kuijua kwa jina. Nyama na samaki waliotiwa chumvi nyingi hawaozi upesi, kwa sababu vijidudu vya kuozesha navyo ni seli zenye utando. Vikitua juu ya chumvi hunyonywa maji, visiweze kuzaana. Ngozi ya ng'ombe hutiwa chumvi kwa sababu hiyo hiyo.

Asali ya Mbeere na Tharaka hukaa miaka bila kuharibika. Asali iliyoiva ina sukari sehemu 80 hivi katika 100, na maji sehemu 17 au 18 tu. Kijidudu kikiingia humo hukauka. Lakini ukirina masega mabichi, ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, maji yaweza kuzidi sehemu 20, na asali itachacha na kutoa povu. Basi mwenye mzinga, chagua masega yaliyofunikwa, na chombo chako kiwe kikavu na kifunikwe vizuri, maana asali huvuta hata unyevu wa hewani.

MTOTO ANAYEHARISHA

Nimeliweka jambo hili mwisho kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Mbegu zikifa utapanda tena.

Mtoto anayeharisha hapotezi maji tu, hupoteza chumvi pia, na kukaukiwa huko ndiko kunakomuua. Ukimpa maji matupu peke yake hurudishi chumvi aliyopoteza. Lakini katika utando wa utumbo mna mlango mmoja wa ajabu: hufunguka wakati chumvi na sukari zinapofika pamoja. Zikiingia pamoja, maji huzifuata, kwa sheria ile ile ya kiazi. Mlango huo ulielezwa na mtaalamu Robert Crane mwaka 1960. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwashika wakimbizi waliokimbilia Uhindi, na maji ya kutia mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari, na vifo vikashuka chini ya 4 katika kila wagonjwa 100.

Dawa hiyo ndiyo ile pakiti ya ORS inayopatikana katika zahanati. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, ufuate hivyo hasa. Ikiwa pakiti haipo, tengeneza nyumbani:

Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita 1.
Sukari, vijiko 6 vya chai, kila kimoja kisawazishwe kwa kisu.
Chumvi, nusu ya kijiko cha chai, kisawazishwe.

Koroga mpaka viyeyuke. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, yaani robo kikombe hadi nusu kikombe hivi. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu kikombe hadi kikombe kimoja. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Dawa ikikaa saa 24, imwage, utengeneze nyingine. Zahanati pia itakupa vidonge vya zinki, umpe mtoto kwa siku 10 hadi 14 hata kama amekwisha kupona.

Mama, baba, angalieni sana hapa. Usiseme, "Nitaongeza sukari ili apate nguvu." Sukari ikizidi, maji ya tumboni huwa mazito kuliko damu, nayo huvuta maji kutoka mwilini, na mtoto ataharisha zaidi. Chumvi ikizidi ni hatari kubwa zaidi. Kosa hilo ni sawa na la yule mzee wa kikapu: kudhani kwamba kitu kizuri kikiongezwa huzidi kuwa kizuri. Maji ambayo waganga hutia mshipani yana gramu 9 za chumvi kwa lita, wala hawapimi kwa macho, maana yakiwa mepesi mno seli za damu huvimba na kupasuka, na yakiwa mazito mno hunywea.

Mtoto akiwa na macho yaliyozama, akishindwa kunywa, akilegea, au akiharisha damu, mpeleke hospitali mara moja, huku ukiendelea kumnywesha njiani kama aweza kunywa.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kwa nini kijiko kimoja cha chumvi kililegeza kiazi, na kijiko kimoja cha sukari hakikukilegeza?
2. Mmea waweza kunyauka huku udongo una unyevu. Kwa sababu gani?
3. Kwa nini mbolea huunguza zaidi mvua inapokata?
4. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 25 badala ya 75 kwa 30, mashimo ya eka moja yataongezeka au yatapungua? Mfuko ukiwa ni ule ule mmoja, kipimo cha kila shimo kitakuwaje?
5. Uso wa shamba la mfereji umekuwa mweupe. Utafanya nini kwanza?
6. Sema kipimo cha maji ya chumvi na sukari bila kutazama gazeti. Waulize na watoto wako wakubwa, maana pengine wao ndio watakuwa nyumbani siku hiyo.

Yule mzee alirudi msimu uliofuata. Safari hii kikapu chake kilikuwa na ndizi za kutuletea ofisini, na mkononi alishika kifuniko kimoja cha chupa. Akakionyesha, akasema, "Hiki ndicho kipimo changu. Mke wangu amekifunga kwa uzi kwenye debe la mbolea ili kisipotee." Nikamwambia, "Mzee, umehitimu." Nanyi wasomaji, fungeni chenu.